Maduara Matatu na Mgogoro wa Ushairi: Kwa Nini Hoja za Wahakiki Zipimwe kwa Mchoro

Utangulizi

Tangu Euphrase Kezilahabi alipoitoa diwani yake ya Kichomi mwaka wa 1974, na Mulokozi na Kahigi wakatoa Malenga wa Bara mwaka wa 1976, wahakiki wa ushairi wa Kiswahili wamegawanyika katika kambi mbili. Wanamapokeo wanashikilia kwamba vina na mizani ndio uti wa mgongo wa shairi. Wanausasa wanashikilia kwamba uti huo ni vazi tu, na kwamba vazi laweza kuvuliwa mwili ukabaki. Mengi yameandikwa na kila upande, baadhi yake kwa ufundi mkubwa na baadhi kwa matusi yaliyofunikwa adabu. Linalodaiwa katika makala hii ni kwamba sehemu kubwa ya mgogoro huo haikuwa juu ya ushairi hata kidogo. Ilikuwa ni mkusanyiko wa hoja ambazo hazikupimwa, na ambazo zingepimwa kwa maduara matatu na kipande cha chaki, nyingi zingeanguka kabla ya kupigiwa makofi.

Mahali patakapotumika kama mfano ni Masimba, katika Nyaribari Masaba, Kaunti ya Kisii. Pamechaguliwa makusudi. Masimba iko mbali na Lamu na Mvita, na lugha ya nyumbani huko ni Ekegusii. Kiswahili kimemfikia mwanafunzi wa huko kwa njia ya darasa, hasa baada ya mfumo wa 8-4-4 kuanza mwaka wa 1985 na kukifanya somo la lazima la kutahiniwa. Yale yanayosemwa na wahakiki vyuoni kuhusu lipi ni shairi na nani ni mshairi hatimaye hufika Masimba. Yanapofika huwa yamekwisha kuvaa joho la kanuni, nayo humwangukia mtoto asiye na nafasi ya kujibu. Hoja mbovu inayosemwa ukumbini Nairobi au Dar es Salaam humpotezea mhakiki heshima kidogo, lakini darasani humpotezea mwanafunzi alama na moyo wa kuandika. Kwa hiyo suala la uhalali wa hoja si mchezo wa wanafalsafa.

Mchoro na kazi yake

Hoja ni kauli za msingi pamoja na hitimisho linalodaiwa kutokana nazo. Hoja huwa halali pale ambapo, kauli za msingi zikiwa kweli, hitimisho haliwezi kuwa la uongo. Uhalali, basi, si ukweli. Hoja yaweza kuwa halali na misingi yake ikawa ya uongo. Aidha yaweza kuwa na misingi ya kweli na hitimisho la kweli, na bado isiwe halali, kwa kuwa hitimisho halikutoka katika misingi hiyo. Katika uhakiki wa Kiswahili mambo haya mawili huchanganywa kila siku. Msomaji anayelipenda hitimisho huipokea hoja nzima, na asiyelipenda huikataa nzima.

Mwanahisabati Leonhard Euler, katika barua alizomwandikia binti mmoja wa kifalme wa Kijerumani kati ya 1760 na 1762, alionyesha kwamba hoja za namna hii zaweza kuchorwa kwa maduara: kundi moja likiwa ndani ya jingine, au nje yake, au likiingiliana nalo. Mwingereza John Venn aliurekebisha utaratibu huo mwaka wa 1880. Katika mchoro wake, maduara huchorwa kwanza yakiwa yameingiliana, ili kila uwezekano uwe na nafasi yake. Kisha kauli za msingi huandikwa juu ya mchoro. Sehemu isiyo na kitu hutiwa kivuli. Sehemu yenye kitu hutiwa alama ya mkasi, yaani mistari miwili iliyokatana. Sehemu iliyoachwa nyeupe ni ile ambayo hoja haijasema lolote juu yake.

Kanuni ya kupima ni moja tu. Kauli za msingi ndizo zinazochorwa, hitimisho halichorwi. Ikiwa baada ya kuchora misingi hitimisho limekwisha kuonekana lenyewe, hoja ni halali. Ikiwa mchoraji analazimika kuongeza kivuli au mkasi ili hitimisho lionekane, hoja si halali, hata iungwe mkono na bingwa gani. Wapo waliodhani kwamba mchoro ni msaada wa wanafunzi dhaifu na si uthibitisho kamili. Dhana hiyo ilijibiwa na Sun-Joo Shin mwaka wa 1994, alipothibitisha kwamba michoro ya namna hii, ikiwekewa kanuni zake, ni mfumo wa mantiki uliokamilika.

“Kila” na “baadhi”

Faida ya kwanza ya mchoro kwa mhakiki wa Kiswahili inatokana na tabia ya lugha yenyewe. Kiswahili huruhusu wingi usio na kiasi. Mtu husema “mashairi ya Kiswahili yana vina,” na hakuna kitu katika sentensi hiyo kinachomlazimisha kusema kama ni yote, ni mengi, au ni machache anayoyakumbuka. Katika mazungumzo ya kawaida hilo si kosa. Katika hoja ni maficho. Mhakiki hutamka kauli hiyo kwa maana ya “mengi”, kwa kuwa hiyo ndiyo anayoweza kuitetea. Kisha hutoa hitimisho kana kwamba alisema “kila”.

Mchoro hauruhusu maficho hayo. “Kila” ni kivuli, na “baadhi” ni mkasi. Anayeshika chaki hana budi kuchagua. Hata methali haisalimiki. “Vyote ving’aavyo si dhahabu” yaweza kuchorwa kwa namna mbili: ama hakuna king’aacho kilicho dhahabu, jambo ambalo sonara yeyote angelicheka, ama baadhi ya ving’aavyo viko nje ya duara la dhahabu. Wasemaji hujua kwamba maana ni ya pili kwa sababu wanaijua dunia, si kwa sababu sentensi imewaambia. Hali kadhalika “penye moshi pana moto” haisemi kwamba penye moto pana moshi. Anayeigeuza hivyo ametia kivuli sehemu isiyo yake. Uhakiki uliojaa methali zilizogeuzwa ni uhakiki unaohitaji ubao.

Hoja ya wanamapokeo

Hoja inayojulikana zaidi ya wanamapokeo huenda hivi: mashairi ya Kiswahili yana vina na mizani, tungo huru zilizomo katika Kichomi hazina vina na mizani, kwa hiyo tungo hizo si mashairi ya Kiswahili.

Na yachorwe maduara matatu: duara la mashairi ya Kiswahili, duara la tungo zenye vina na mizani, na duara la tungo huru. Kauli ya kwanza ikisomwa kwa “kila”, sehemu yote ya duara la mashairi iliyo nje ya duara la vina hutiwa kivuli. Kauli ya pili hutia kivuli mahali ambapo tungo huru na vina hukutana. Sasa itazamwe sehemu ambapo tungo huru hukutana na mashairi ya Kiswahili. Nusu yake ina kivuli cha kauli ya kwanza, na nusu ya pili ina kivuli cha kauli ya pili. Hitimisho limejitokeza lenyewe. Hoja ni halali.

Wanausasa waliojibu kwa kusema kwamba wanamapokeo “hawana mantiki” walikosea, basi, na haki yataka hilo lisemwe wazi. Lakini ushindi huo una gharama, na gharama yenyewe ni neno “kila”. Likiondolewa na kuwekwa “mengi”, kinachobaki ni mkasi mmoja mahali ambapo mashairi na vina hukutana, na sehemu ya tungo huru zilizo mashairi, iliyo nje ya vina, hubaki nyeupe. Hitimisho halionekani tena. Kwa hiyo swali lote linahamia kwenye kauli ya kwanza: “kila” hiyo imetoka wapi?

Ina vyanzo viwili tu. Ama imetokana na uchunguzi wa mashairi yaliyopo, ama imetokana na fasili. Ikiwa ni uchunguzi, mchunguzi hawezi kuziacha nje tungo za Kichomi kabla ya kuhesabu, maana kuziacha nje ndilo hitimisho analolitafuta. Huko ni kula njama na hitimisho. Ikiwa ni fasili, basi hoja haikugundua lolote kuhusu Kezilahabi. Imerudia tu namna ambavyo msemaji ameamua kulitumia neno “shairi”. Fasili si dhambi. Amri Abedi, katika kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi cha mwaka wa 1954, aliweka kanuni ambazo zimewafaa watunzi wengi. Lakini fasili hutetewa kwa manufaa yake, si kwa kuipitisha mlango wa nyuma kama ukweli wa historia. Mwanamapokeo anayetaka kumnyima mwanafunzi wa Masimba jina la mshairi ana wajibu wa kuonyesha fasili yake inafaa nini. Kuirudia kwa sauti kubwa hakutoshi.

Hoja ya wanausasa

Wanausasa nao hawana sababu ya kucheka. Hoja yao iliyozoeleka ni hii: tungo huru hazina vina, nyimbo za jadi za bara hazina vina, nazo ni ushairi, kwa hiyo tungo huru ni ushairi. Hoja hiyo inapendeza kwa kuwa inauheshimu urithi wa watu wasiohesabiwa. Huko Gusii, kwa mfano, kuna nyimbo za obokano, ala kubwa ya nyuzi nane, na ni fedheha kwa somo la fasihi kuzungumza juu ya ushairi wa Kenya kana kwamba nyimbo hizo hazipo. Lakini kupendeza si kuwa halali.

Hoja hii ina makundi manne, hivyo inahitaji michoro miwili. Katika mchoro wa kwanza yawekwe maduara ya nyimbo za jadi, vina, na ushairi. Kauli “hakuna wimbo wa jadi wenye vina” na “kila wimbo wa jadi ni ushairi” huacha sehemu moja tu ya duara la nyimbo bila kivuli: ile iliyo ndani ya ushairi na nje ya vina. Wengi hukimbilia hapo na kutangaza kwamba baadhi ya ushairi hauna vina. Bado. Sehemu hiyo ni nyeupe, haina mkasi. Kauli za “kila” na “hakuna” hutia vivuli tu. Hazisemi kwamba kitu chochote kipo. Mtu aweza kutamka bila kusema uongo kwamba kila utenzi ulioandikwa mwezini una mizani kamili, na mwezi ukabaki bila utenzi. Ili mkasi uwekwe, lazima uletwe wimbo halisi.

Hapa ndipo mchoro unapomtuma mhakiki barabarani. Mkasi huo haupatikani maktabani. Unapatikana Masimba na Tabaka na Nyamira, kwa wazee wanaopiga obokano. Wimbo hauna budi kurekodiwa, kuandikwa na kusomwa kwa masikio ya lugha yake. Ekegusii ina vokali saba, na urefu wa vokali hutofautisha maana ya maneno. Kiswahili kina vokali tano na hakina tofauti hiyo. Anayehesabu silabi za wimbo wa Kigusii kwa kipimo cha utenzi, kisha akatangaza kwamba hauna mizani, amepima maziwa kwa futi. Huenda wimbo una mpangilio wake ambao kipimo hicho hakiwezi kuuona. Kwa hiyo hata kauli “nyimbo za jadi za bara hazina vina,” ambayo wanausasa huitoa kama jambo linalojulikana, ni dai la utafiti, nalo linapaswa kuthibitishwa wimbo kwa wimbo.

Na tuseme wimbo umeletwa na mkasi umewekwa: baadhi ya ushairi hauna vina. Mchoro wa pili uwe na maduara ya tungo huru, vina, na ushairi. Mkasi unaingia ndani ya ushairi, nje ya vina. Lakini ndani au nje ya duara la tungo huru? Hoja haisemi. Mkasi unakaa juu ya mstari wenyewe. Sehemu ya tungo huru iliyo nje ya ushairi na nje ya vina haina kivuli, na hitimisho kwamba tungo huru ni ushairi halionekani popote. Nyimbo na tungo huru zimefanana kwa kukosa kitu kimoja, na kufanana kwa kukosa hakuwafanyi watu ndugu. Ng’ombe na jiwe havina mabawa vyote viwili. Isitoshe, wimbo wa Ekegusii haumo katika duara la ushairi wa Kiswahili, hivyo peke yake hauwezi kuitangua kauli ya mwanamapokeo, ambaye alisema juu ya Kiswahili.

Kinachobaki kwa mwanausasa si kidogo. Amethibitisha kwamba vina si sharti la ushairi kwa jumla. Sasa ana kazi ya kuonyesha ni nini katika tungo huru, mathalani taswira, mdundo au mkato wa mshororo, kinachoziingiza katika duara. Kazi hiyo ni ya uhakiki hasa, nayo ndiyo iliyokwepwa.

Bara na pwani

Hoja ya tatu ndiyo yenye sumu. Husemwa kwamba watu waliolelewa katika utamaduni wa pwani wanaujua ushairi wa Kiswahili. Mwanafunzi wa Masimba hakulelewa huko. Kwa hiyo hawezi kuujua. Na yachorwe. Sehemu ya duara la waliolelewa pwani iliyo nje ya duara la wajuzi inatiwa kivuli. Mwanafunzi anawekwa nje ya duara la pwani. Je, yumo katika duara la wajuzi au hayumo? Mkasi wake, kama ule wa awali, unakaa juu ya mstari. Hata kauli zote mbili zikikubaliwa bila ubishi, hazimfungii mlango. Walioufunga ni wale walioisoma “kila wa pwani ni mjuzi” kana kwamba imesema “kila mjuzi ni wa pwani”. Kauli hii ya pili ingeifanya hoja kuwa halali, lakini ni ya uongo mtupu. Amri Abedi, mwenye kitabu cha sheria kinachotajwa na wanamapokeo, alizaliwa Ujiji, kwenye ukingo wa Ziwa Tanganyika. Mathias Mnyampala, mtetezi wa utungo wa vina na mtu wa ngonjera, alitoka Dodoma.

Ni vyema kuendelea hatua moja zaidi, maana pande zote mbili zimezoea kuuona mgogoro kama ugomvi wa pwani na bara. Yachorwe maduara mawili tu: watunzi wa bara, na watunzi walioandika tungo huru. Mchoro una sehemu nne, na zote nne zina wenyewe. Bara na tungo huru: Kezilahabi wa Ukerewe. Bara bila tungo huru: Mnyampala. Pwani na tungo huru: Alamin Mazrui wa Mombasa, katika Chembe cha Moyo ya mwaka wa 1988. Nje ya yote mawili: Ahmad Nassir, mwenye Malenga wa Mvita ya mwaka wa 1971. Mikasi minne, hakuna kivuli hata kimoja. Maana yake ni kwamba hakuna kauli ya “kila” wala ya “hakuna” inayoweza kuunganisha asili ya mtunzi na umbo la utungo wake. Maneno yote yaliyosemwa juu ya “ushairi wa damu ya pwani” na “uhuru wa mtu wa bara” yanafutwa na mchoro unaoweza kuchorwa nyuma ya tikiti ya matatu.

Pingamizi

Itasemwa kwamba fasihi si hesabu, na kwamba sitiari haiwezi kufungiwa ndani ya duara. Ni kweli kabisa, wala hakuna aliyependekeza kulichora shairi. Linalochorwa ni hoja ya mhakiki. Mshairi ana haki ya kusema moyo wake ni bahari; mhakiki hana haki ya kusema kwamba waandishi wa udhanaishi huandika juu ya upweke na kifo, Kezilahabi katika Kichwamaji ameandika juu ya upweke na kifo, basi Kezilahabi ni mdhanaishi. Huenda hitimisho hilo ni kweli. Lakini kwa hoja hiyo kila mwimbaji wa mbolezi naye ni mdhanaishi. Tasnifu zilizojengwa juu ya umbo hilo si haba, na zimepita.

Itasemwa pia kwamba maduara ni ya Wazungu. Neno “mantiki” lenyewe limetoka katika Kiarabu, na elimu hiyo ilisomeshwa na wanazuoni wa Kiislamu karne nyingi kabla ya Euler kuzaliwa. Maduara nayo si mageni Afrika ya Mashariki: yaliingia madarasani pamoja na hisabati mpya iliyoanza kuandaliwa katika semina ya Entebbe mwaka wa 1962. Mwalimu wa hesabu aliyajua. Mwalimu wa fasihi wa chumba cha pili ndiye aliyedhani hayamhusu. Anayekataa chombo kwa sababu ya mahali kilipotoka anaonyesha, bila kukusudia, hoja ya aina ile ile iliyomfungia nje mwanafunzi wa Masimba.

Pingamizi la tatu ndilo zito. Mchoro hauwezi kila hoja. Maduara manne hayatoshi kuonyesha kila mwingiliano, na Venn mwenyewe alilazimika kutumia maumbo ya yai. Neno “aghalabu” halina kivuli wala mkasi. Hoja zinazohusu uhusiano, kama vile nani alimwathiri nani, hazikai vizuri ndani ya maduara. Zaidi ya yote, mchoro haupimi ukweli wa kauli za msingi. Yote hayo ni sawa. Lakini hoja zilizouendesha mgogoro wa ushairi si za aina hizo ngumu. Ni hoja za makundi matatu, za “kila” na “baadhi”, na zilianguka mahali ambapo mchoro unaona vizuri.

Hitimisho

Madai ya makala hii ni ya kiasi. Kila tasnifu ya fasihi inayowasilishwa idarani iwe na hoja yake kuu imeandikwa waziwazi, kauli za msingi kwa hitimisho, na mtahini awe na haki ya kumwomba mtahiniwa aichore. Anayeshindwa kusema kama alikusudia “kila” au “baadhi” bado hajawa na hoja. Ana hisia tu, nazo hisia zina pahala pake. Wanafunzi wa shahada, ambao wengi wao watakuwa walimu wa shule za upili, wafundishwe utaratibu huu katika mwaka wa kwanza pamoja na nadharia za uhakiki, maana nadharia bila uwezo wa kupima hoja ni mapambo.

Mwalimu huyo atakapofika Masimba na kukabidhiwa utungo usio na vina wa mtoto wa kidato cha tatu, atakuwa na njia mbili. Aweza kuandika chini yake “si shairi” na kwenda zake. Au aweza kujiuliza kauli gani ya msingi inayomruhusu kuandika hivyo, ni “kila” au “baadhi”, na imetoka wapi. Akiona kwamba sehemu inayohusika ni nyeupe, wajibu wake ni kuusoma utungo.